Sailensa ya Mashine ya Ziwani

Siku ile Tumaini Komba alimsikia Ismaili Nambunga kabla hajamwona. Alikuwa amelala chali chini ya gari la mteja, kwenye kibanda chake cha kuchomelea pale Magomeni ya Mtwara, mlio ukaanza kuja kutoka upande wa Chikongola. Pu-pu-pu, kisha kimya kidogo, kama mtu anayemeza mate, kisha pu-pu-pu tena. Kuku wa jirani wakakimbilia nyuma ya choo. Mama aliyekuwa akianika mihogo akasimama, ungo mkononi.

"Hilo gari au mgonjwa wa kifua?" akauliza.

Ikaingia pikapu nyeupe ya siku nyingi, mlango wa dereva umebonyea, sailensa ya bomba la moshi inaning'inia kwa waya wa kufungia ua. Akashuka mtu mfupi, mkavu, kofia ya kufuma imemkaa upande, na injini hakuizima.

"Fundi ni nani hapa?"

Tumaini akanyoosha spana juu kutoka chini ya gari.

"Ala! Fundi wa mkono tu? Mwili mwingine umeuacha Songea?"

Kumbe alishamuulizia habari zake njiani. Tumaini alijitoa uvunguni huku akiona aibu, akajipangusa, akasalimia akitazama viatu vya mgeni. Ndivyo alivyokuwa. Baba yake alikuja Mtwara kwa kazi ya bandarini, akamsomesha mpaka darasa la saba, na tangu hapo Tumaini alikuwa anaongea na vyuma kuliko watu. Hata kanisani alipenda kukaa nyuma ya nguzo.

"Nifungie hii isidondoke," Ismaili alisema. "Lakini lile tundu la ubavuni usilizibe."

"Tundu ndilo linalopiga kelele, mzee."

"Ndiyo nakwambia usilizibe. Mngoni wewe, kazi yako kufunga, siyo kuuliza."

Alicheka sana, na Tumaini, ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka, alijikuta anacheka naye. Alifunga sailensa na tundu akaliacha. Ndivyo walivyojuana.

Ismaili alikuwa mtu wa kijiji cha Ziwani, mwana wa wakulima wa korosho na mihogo. Mkewe, Somoe, ndiye aliyekuwa akisimamia mashine ya kusaga pale kijijini mpaka mauti yalipomkuta, na mashine nayo haikuishi sana baada yake. Ilikufa injini, watu wakaigawana vipande. Walikuwa wamezaa mtoto mmoja tu aliyekua, Zainabu, naye aliolewa mbali, Namtundwe, kijiji kidogo karibu na pale Ruvuma inapomwagikia baharini, ambako njia ni mchanga mtupu na mikoko inaota mpaka nyuma ya nyumba. Ismaili alinunua ile pikapu, watu wakasema, ili apate sababu ya kwenda kumwona binti yake. Msimu wa korosho alibeba magunia kuyapeleka ghalani. Msimu ukiisha alibeba mihogo, mabati, wagonjwa, maharusi, na siku nyingine maiti.

Chumvi ya kule ilikula vyuma. Kila baada ya muda pikapu ilirudi Magomeni na bomba limeoza mahali pengine, Tumaini akachomelea, na kila mara alikumbushwa lile tundu. Hakuwahi kuuliza sababu. Mpaka siku moja bomba lilikatika huko huko Namtundwe, Ismaili akaletwa mjini na bodaboda, akamchukua fundi wake na vifaa vyake, wakaenda wote.

Walilikuta gari nje ya kijiji, kwenye mikorosho. Tumaini alifanya kazi kwa moyo. Alikuwa amechoka kuona kazi ya mikono yake inapiga kelele barabarani kama ya mlevi, na siku hiyo, Ismaili akiwa ameenda kusali, akaliziba lile tundu. Injini ilipowashwa ikanguruma taratibu, kwa heshima.

Ismaili aliporudi akasikiliza. Kicheko hakikuja.

"Umeziba."

"Nimeziba, mzee. Si bora hivi?"

"Panda. Twende ukaone ubora wenyewe."

Waliingia kijijini, na Tumaini akaona jambo ambalo hakulisahau tena. Hapakuwa na mtu. Chungu kilikuwa jikoni kinachemka, kifuniko kinacheza. Mchi umesimama ndani ya kinu, na unga bado haujatulia. Redio ilikuwa inaongea peke yake kwenye kiti. Kandambili moja ya mtoto ilikuwa katikati ya njia. Hata mbwa hawakubweka.

"Wako wapi?" Tumaini aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wanatutazama," Ismaili alisema. "Tangu vurugu za ng'ambo ya mto zilipoanza, gari lisilojulikana likisikika, watu wanaingia porini kwanza. Maswali baadaye. Gari moja tu hawalikimbii."

Akashuka na msumari na nyundo, akajilaza mchangani, akatoboa sailensa pale pale ilipozibwa. Akakanyaga mafuta. Pu-pu-pu, kimya kidogo, pu-pu-pu. Ndipo mikorosho ikaanza kutoa watu, mmoja mmoja, majani kwenye nywele, wanacheka ile cheko ya mtu aliyeona haya. Zainabu alitoka wa mwisho, mrefu kama mama yake, amemshika mkono mumewe, Amiri.

"Baba, leo ulikuja na gari la nani?" akauliza.

"La Mngoni huyu. Alitaka kuwaua kwa mbio."

Wakacheka, wakamzunguka Ismaili akiwaonyesha lile tundu jipya chini ya gari, wengine wakainama kuutazama ule msumari. Wanunuzi wa korosho waliokuwa wamepita kijijini siku hiyo nao walikuwepo. Kila mtu aliona jinsi sauti ya Ismaili inavyotengenezwa. Tumaini aliwaona wakitazama, na kitu kikamgusa mgongoni, lakini hakuwa mtu wa kusema jambo ambalo mwenyewe hajalielewa.

Msimu wa korosho uliofuata, Ismaili alikuja Magomeni asubuhi. Tumaini alimsikia kutoka mbali kama kawaida. Lakini gari lilipoingia, dereva alizima injini. Tangu wajuane hakuwahi kuizima kabla hajashuka, kwa kuwa betri ilikuwa mbovu na kuliwasha tena ilikuwa kazi ya kusukuma. Alizima, akabaki ndani, mikono kwenye usukani.

Tumaini alisogea mpaka dirishani. "Mzee?"

"Nipe maji kwanza."

Alikunywa, ndipo akasimulia. Siku chache nyuma, alfajiri, Namtundwe walisikia gari lake. Pu-pu-pu, kimya kidogo, pu-pu-pu. Hawakukimbia. Walitoka na magunia yao ya korosho wakayapakia wenyewe, kama walivyozoea, taa za gari zikiwapiga machoni, dereva amekaa ndani na injini inanguruma, kama alivyozoea Ismaili. Desturi ya pale ni kwamba mzigo hauendi peke yake. Mtu mmoja wa kijiji anapanda juu ya magunia, anausindikiza mpaka ghalani na kurudi na habari. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Amiri. Akapanda.

Zainabu alitoka na bakuli la uji kumpelekea baba yake, kama alivyofanya siku zote. Alilinyoosha dirishani. Likapokewa. Ndipo akaona kuwa mkono ule si wa baba yake.

"Alimtazama," Ismaili alisema. "Yule mtu alimtazama mwanangu usoni, akaunywa uji wote, taratibu, akamrudishia bakuli. Kisha akaondoa gari."

"Hakupiga kelele?"

"Sauti haikutoka, fundi. Mpaka alipoweza kupiga kelele, gari lilishaingia kwenye mikorosho, na mumewe juu yake."

"Na Amiri?"

Ismaili alitikisa kichwa. Magunia hayakufika ghalani, na Amiri hakurudi.

Kituoni taarifa ilishapelekwa, na maelezo yamechukuliwa. Lakini Namtundwe walikuwa na maelezo yao. Wao walisikia gari la Ismaili, wakaona pikapu nyeupe ya Ismaili. Aliyeona uso wa dereva ni Zainabu peke yake, na Zainabu ni mtoto wa Ismaili. Wapo waliosema anamficha baba yake. Na tena, Ismaili alisema huku akigeuza kofia mikononi, kila jioni mtu asiyejulikana alikuwa akionekana amesimama nyuma ya nyumba ya Zainabu, kwenye mikoko, akiitwa anaondoka.

"Sasa halali nyumbani. Anajificha mashambani, na mimba yake kubwa ile. Akisikia gari geni anakimbia. Akisikia hili langu anakimbia zaidi. Nimeenda jana, nimezunguka na kuita mpaka nikakauka. Hakutoka. Mwingine alishamjia na sauti yangu hii hii, nitamlaumu kwa nini?" Akamtazama Tumaini. "Nataka sauti nyingine. Sauti ambayo mwanangu ataijua, na mtu mwenye msumari na nyundo hawezi kuitengeneza."

Tumaini alienda kwenye ukuta wa nyuma anakotundika vyuma, akashusha sailensa alizokuwa nazo. Kazi aliielewa kuliko maneno.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ya Kichina, inang'aa, imetoka dukani Chikongola. Aliifunga kwa vibano, wakasukuma gari likawaka. Ikatoa mlio mwembamba, mkali.

"Mbuzi anachinjwa," Ismaili alisema. "Toa."

Ya pili ilikuwa ya mtumba, nzito, ya gari kama lile lile, haijaoza. Hiyo ilikuwa nzuri kweli. Gari likatulia kana kwamba limezimwa.

"Hii ndiyo sailensa yenyewe, mzee," Tumaini alisema.

"Ya bosi hii. Zainabu atasikia nini? Ataona gari limemfikia bila kusikia mtu, afe kwa hofu papo hapo. Toa, fundi, toa."

Tumaini akaitoa. Jua lilikuwa kali sasa, na mama wa mihogo alikuwa ameacha ungo wake akitazama, kwa kuwa hata yeye aliona kuwa leo hakuna utani. Tumaini alisimama mbele ya lundo la vyuma chakavu akifikiri. Kisha akainama, akavuta kitu kama chungu cha chuma, cheusi, kizito, kimefungwa mdomo kwa gunia. Akakiweka miguuni mwa Ismaili.

Ismaili alichuchumaa. Akalifungua gunia. Akapitisha kidole ndani, akanusa masizi.

"Hii umeipata wapi?"

"Uliileta mwenyewe, mzee. Fungu lako la mashine ya Ziwani. Ulisema niikate nipate chuma cha viraka."

"Na hukukata."

"Nilikuwa naiona nzuri," Tumaini alisema, akitazama chini.

Ilikuwa sailensa ya mashine ya kusaga, ile ya Somoe. Ziwani nzima waliijua. Ilikuwa haipigi kama mashine nyingine. Ilikuwa na pigo zito, tumb, tumb, na nyuma ya kila pigo mluzi mdogo, kama pumzi ya mtu aliyelala. Zainabu alilelewa mgongoni kwa mama yake kwenye mlio ule. Akilia, Ismaili alisema, walikuwa hawambembelezi, walikuwa wanaenda naye mashineni.

"Wengine wataukimbia," Ismaili alisema. "Na wakimbie. Huyu hataukimbia."

Tumaini alikata, akaunga, akaweka kipande cha bomba kubwa na kipande kingine ndani yake mpaka vikakubaliana. Ilichukua mchana. Hakuna kitu cha namna ile kilichowahi kukaa chini ya pikapu, kilining'inia kama kiwele. Waliposukuma gari na injini ikashika, mlio ukatoka chini kwa chini, tumb, na mluzi, tumb, na mluzi. Ismaili alisimama nyuma ya gari amefumba macho, moshi unampiga miguuni. Alisimama muda mrefu. Tumaini aligeukia pembeni, akajifanya anatafuta spana.

Ismaili alienda, na kesho yake kabla ya adhuhuri Tumaini akausikia mlio unarudi. Akazima mashine ya kuchomelea. Zainabu alikuwa ndani, miguu imechanwachanwa na miiba, kanga imekaukia matope. Aliwekwa kwenye kitanda cha Felista, mke wa Tumaini, akapewa chai. Ndipo akasema kuwa aliposikia ule mlio alidhani ameshakufa, na mama yake amekuja kumchukua. Akatoka mafichoni kwa sababu hiyo.

"Nilikuwa nimechoka," alisema. "Nikasema, kama ni mama, basi twende."

Ismaili alikaa kidogo tu. Namtundwe walikuwa wamemwita kwenye mkutano wa kijiji aeleze kuhusu gari lake, na asipotokea itakuwa amejibu. Felista alimwambia asiende.

"Baba Zainabu, watu wameshakutia akilini mwao kuwa ni wewe. Utawaambia nini?"

"Nitawaambia wasikilize. Nitawawashia gari, niwaulize: hii ndiyo mliyopakia? Halafu nitarudi nimchukue mwanangu mwenyewe. Simtumi mtu."

Tumaini alimsindikiza mpaka kwenye gari. Waliongea kidogo dirishani. Kisha pikapu ikageuka, ikashika njia ya kusini, tumb, na mluzi, mpaka mlio ukawa hauko barabarani tena, uko kichwani tu.

Mkutano ule, walisikia baadaye, ulingoja mpaka jua likashuka. Ismaili hakufika. Wala hapakuwa na mtu njiani aliyeliona gari limeharibika, wala limepinduka. Watu wa Namtundwe wakasema amekimbia. Askari walikuja wakamuuliza Zainabu, naye akawaeleza ule uso, na bakuli, na uji. Wakaandika. Walisema asitoke, na asimwambie mtu alipo.

Zainabu alijifungua salama mtoto wa kike, akamwita Somoe. Kila gari lililopita mtaani alinyanyua kichwa. Tumaini naye alikuwa ananyanyua. Wakitazamana, kila mmoja anageukia kazi yake.

Mvua za mwanzo ziliponyesha, mchana mmoja, Tumaini alikuwa nyumbani kwa kuwa kibanda kilivuja. Felista alikuwa sokoni. Mvua ilikuwa imekatika, matone yanadondoka kwenye bati. Gari likaja. Hawakulisikia linakuja. Walisikia tu matope yanakanyagwa, kisha likasimama mbele ya nyumba, injini inanguruma taratibu, kwa heshima, kama gari la bosi.

Zainabu alichungulia kwenye pazia, mtoto begani. Pikapu nyeupe. Mlango wa dereva umebonyea.

"Baba!" akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Baba Felista... fundi, ni baba! Gari la baba!" Alichanganya maneno kwa furaha, tayari anavuta kandambili kwa mguu.

Nje mtu akapiga hodi. Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Hodi wenyewe! Fundi yupo? Tumetumwa na mzee Ismaili, tumchukue binti yake. Mzee mwenyewe yuko garini, anaumwa kidogo, hawezi kushuka."

Zainabu akafika mlangoni. Na Tumaini, ambaye hakuwahi kumshika mtu mkono wala kumwinulia mtu sauti, alimsogeza pembeni kwa bega, akaegemeza mgongo wake kwenye mbao za mlango. Alihisi hodi ya pili inapita katikati ya mabega yake. Akaweka kidole mdomoni. Zainabu alimtazama kama mtu anayemtazama kichaa, na machozi yakaanza kumtoka.

"Sikiliza," Tumaini alimnong'oneza. "Usisikilize mtu. Lisikilize gari."

Wakasikiliza. Injini iliendelea kunguruma pale nje, laini, bila pigo, bila mluzi. Zainabu akarudi nyuma mpaka ukutani, akamfunika mtoto kichwa kwa kanga.

Hodi ya tatu ilikuwa na nguvu zaidi. Tumaini akafumba macho, akamwona Ismaili dirishani mwa pikapu, siku ile anaondoka, kofia imemkaa upande na kicheko hakipo, mkono umeshika ukingo wa mlango uliobonyea, akimwambia:

"Fundi, wakinikamata, hii sailensa nitaing'oa kwanza. Ikija gari isiyo na sauti ya Somoe, hata kama ni hii hii, hata ukiniona mimi mwenyewe nimekaa ndani yake, usifungue mlango."